Nywele za Samurai: Sababu Ilikufa, Mtindo Ukabaki

Katika nyumba zetu nyingi leo, vijana wanawajua samurai wa Japani kuliko wanavyoijua historia ya mtaa wao. Wamewaona katika filamu, katika katuni na katika michezo ya kompyuta: wanaume wenye panga mbili kiunoni, uso usiocheka, na kichwa cha ajabu ambacho utosi wake umenyolewa ukang'ara, ilhali nywele za nyuma zimefungwa shungi. Hutokea kijana akaenda kwa kinyozi akiwa na picha kwenye simu yake, akataka afanyiwe hivyo au karibu na hivyo. Akirudi nyumbani, mama hushika mdomo, baba hukunja uso, na neno la kwanza kutamkwa ni "uhuni". Mazungumzo huishia hapo, na kuanzia kesho yake kijana hashindi nyumbani bila kofia.

Lakini samurai hakuwa mhuni. Nywele zake zilikuwa na sababu, na sababu hiyo ina historia ndefu yenye mafunzo kwa mzazi wa Kiislamu na kwa kijana wake. Tukiifahamu, tutaweza kukaa na watoto wetu na kuwaambia kitu zaidi ya neno lile moja. Na tutafahamu vizuri zaidi kwa nini dini yetu nayo ina la kusema juu ya kichwa cha mtu.

Kofia ya chuma na joto lake

Samurai walikuwa tabaka la wapiganaji waliowatumikia mabwana wakubwa wa ardhi. Walianza kupata nguvu katika karne ya 10 na ya 11, na tangu mwishoni mwa karne ya 12 wakawa ndio watawala halisi wa Japani, huku mfalme akibakiwa na heshima ya jina. Katika zama zile za mwanzo, mwanamume wa Kijapani mwenye hadhi hakunyoa utosi. Alifuga nywele, akazikusanya juu ya kichwa, akazifunga kwa kamba, kisha akazifunika kwa kofia nyeusi ndefu. Kuonekana kichwa wazi mbele za watu ilikuwa aibu.

Vita ndivyo vilivyoibadilisha desturi hiyo. Kofia ya vita iliundwa kwa mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa misumari, na utosini iliachiwa tundu. Hapo kale fundo la nywele, likiwa ndani ya kofia yake laini, lilipitishwa katika tundu hilo likatokeza juu. Basi mtu aliyevaa chuma hicho tangu alfajiri hadi magharibi, katika jua la kiangazi, na chini yake ana rundo la nywele, alipata joto kali, jasho na mwasho usiokwisha. Wapiganaji wakaanza kuondoa nywele kuanzia kipaji cha uso hadi utosini ili kichwa kipate kupumua. Sehemu hiyo iliyoachwa tupu waliiita sakayaki. Nywele za pande na za kisogoni zilibaki. Zikapakwa mafuta, zikavutwa nyuma, zikafungwa, kisha ncha ya shungi ikakunjwa kuelekea mbele na kulazwa juu ya utosi. Shungi hilo ndilo liitwalo chonmage.

Mwanzoni jambo hili lilikuwa la msimu. Vita vikiisha, nywele ziliachwa ziote. Lakini kuanzia mwaka 1467 Japani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu zaidi ya miaka 100. Hakuna mpiganaji aliyejua ataitwa lini, na kwa hiyo utosi ukabaki mtupu mwaka mzima. Wala haikuwa starehe. Kwa muda mrefu nywele hizo hazikunyolewa bali ziling'olewa kwa kibano, unywele mmoja baada ya mwingine, mpaka wembe ulipokuja kushika nafasi katika karne ya 16. Kijana anayeutamani mtindo huo kama pambo na ajue kwamba walioanza nao waliuvumilia kama maumivu, kwa kuwa vita viliwalazimisha.

Vita vyaisha, wembe wabaki

Mwaka 1603 Tokugawa Ieyasu alipata cheo cha shoguni, yaani jemadari mkuu anayetawala kwa niaba ya mfalme. Ngome ya Osaka ilianguka mwaka 1615, na maasi makubwa ya Shimabara yalizimwa mwaka 1638. Baada ya hapo Japani ilikaa zaidi ya miaka 200 bila vita vikubwa. Kofia za chuma zikafungiwa masandukuni. Wajukuu wa wapiganaji wakawa makarani, wakusanyaji wa kodi na walinzi wa malango.

Kama nywele zilinyolewa kwa ajili ya kofia ya vita, ingetarajiwa sasa ziachwe ziote. Ilikuwa kinyume chake. Unyoaji ulizidi kukazwa, ukaingia katika sheria na adabu za nchi, ukawa ni kipimo cha utu. Hata wafanyabiashara na mafundi wa mijini, ambao hawakupata kuvaa kofia ya chuma maishani mwao, walinyoa utosi na kufunga shungi. Vinyozi wakawa na vibanda vyao mitaani, na utosi uliohitaji wembe kila baada ya siku chache uliwapa riziki ya uhakika. Shungi lilisimamishwa kwa mafuta mazito ya nta yaliyotiwa manukato, likafungwa kwa uzi wa karatasi iliyosokotwa.

Katika zama hizo, mtu aliyekutana na mwanamume njiani aliweza kukisome kichwa chake kama barua. Mtoto mdogo alinyolewa kichwa chote, na alipofikia kiasi cha miaka mitatu ilifanywa sherehe ya kuanza kuachiwa nywele. Mvulana mkubwa alinyolewa utosi lakini akaachiwa nywele za mbele, juu ya kipaji. Alipofikia umri wa kuhesabiwa mwanamume, mara nyingi kati ya miaka 11 na 17, alifanyiwa sherehe iitwayo genpuku. Hapo zamani kiini cha sherehe hiyo kilikuwa ni kuvishwa ile kofia nyeusi ya kiungwana, na mzee aliyemvisha akawa kama baba yake wa pili. Baadaye kiini kikawa ni kunyoa zile nywele za mbele. Mvulana alipewa jina jipya la utu uzima, na tangu siku hiyo alibeba dhima za watu wazima, kufa kwa ajili ya bwana wake ikiwa mojawapo.

Samurai aliyepoteza bwana wake, kwa kifo au kwa kufukuzwa, aliitwa ronin. Wengi wao hawakuwa na fedha ya kinyozi wala kazi ya kuwalazimisha kwenda kwake, na utosi wao ukaota nywele. Mpaka leo katika filamu za Kijapani, mwenye utosi wa vichaka hutambulikana mara moja kuwa ni mtu asiye na pa kuegemea. Waganga na wanachuoni wengine waliacha nywele zote wakazivuta nyuma bila kunyoa. Watawa wa Kibudha walinyoa kichwa chote kuonyesha kwamba wameiacha dunia. Na wapo waliokinyoa kichwa bila kuiacha: Takeda Shingen, mmoja wa mabwana wa vita mashuhuri, alinyoa kitawa mwaka 1559 na akaendelea kupigana na majirani zake hadi alipofariki.

Kwa hiyo kukatwa shungi kwa nguvu ilikuwa ni fedheha kubwa. Mtu aliyekatwa shungi aliondolewa alama iliyomwambia kila mpita njia kwamba yeye ni nani na ni wa nani.

Nywele za mtu anayesubiri kufa

Kuna sababu nyingine iliyokuwa ndani zaidi. Samurai alifundishwa kuishi kila siku kana kwamba ndiyo ya mwisho. Desturi ya vita vyao ilikuwa kukata kichwa cha adui na kukipeleka kwa jemadari kikaguliwe. Kichwa kichafu, chenye nywele za ovyo, kiliwaaibisha wafu na ukoo wao. Yamamoto Tsunetomo, samurai wa mwanzoni mwa karne ya 18 ambaye mazungumzo yake yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Hagakure, aliwasifu watu wa kizazi kilichomtangulia kwa kuoga kila asubuhi, kunyoa utosi, kutia manukato nywele na kukata kucha. Hawakufanya hayo kwa kujipamba. Waliona haya kufa wakakutwa wachafu.

Wajapani husimulia habari za kijana Kimura Shigenari, aliyeuawa katika vita vya Osaka vya mwaka 1615. Inasemekana alifukiza ubani katika kofia yake kabla ya kutoka, na kichwa chake kilipoletwa mbele ya Tokugawa Ieyasu, mzee yule alinusa harufu nzuri na kumsifu adui yake.

Mashuhuri zaidi ni habari za Saito Sanemori. Mwaka 1183, katika vita vya Shinohara, mpiganaji huyo aliyepita miaka 70 alipaka nywele na ndevu zake rangi nyeusi kabla ya kuingia uwanjani. Hakutaka vijana wamwonee huruma wala wamdharau kwa uzee wake. Alipigana akauawa, na kichwa kikaletwa kwa kamanda wa upande wa pili, Yoshinaka, ambaye Sanemori alikuwa amemwokoa alipokuwa mtoto mchanga. Yoshinaka alidhani anaitambua sura, lakini nywele nyeusi zilimtatiza. Mmoja wa watu wake aliyemfahamu marehemu alitoa machozi, akaagiza kichwa kioshwe. Rangi ilipotoka, nywele zilikuwa nyeupe tupu.

Msomaji Mwislamu akifika hapa atakumbuka mzee mwingine mwenye mvi. Siku ya ukombozi wa Makka, Abu Quhafa, baba yake Abubakar As-Siddiq (R.A.), aliletwa mbele ya Mtume (S.A.W.), nywele na ndevu zake zikiwa nyeupe pe. Mtume (S.A.W.) aliagiza weupe huo ubadilishwe kwa rangi, ila waepuke nyeusi. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Wanazuoni walipoieleza, wengi wao walimtoa katika katazo hilo mpiganaji aliye vitani, kwa kuwa adui akimwona kijana humhofu kuliko akimwona kikongwe. Kwa hiyo jambo alilolifanya yule mzee wa Kijapani wanazuoni wetu wamelijadili pia. Tofauti ni kwamba nje ya vita Uislamu haumtaki mzee auone uzee kuwa ni aibu ya kufichwa.

Na ile fikra ya kuwa safi kwa ajili ya mauti nayo si ngeni kwetu. Ila Mwislamu hajitakasi ili kichwa chake kimpendeze jemadari. Anaoga janaba, anatawadha mara tano kwa siku na kukata kucha kwa sababu atasimama mbele ya Mola wake leo, kabla ya kusimama mbele Yake Siku ya Kiyama.

Amri ya mwaka 1871

Mwaka 1868 utawala wa mashoguni uliangushwa na madaraka yakarejeshwa kwa Mfalme Meiji. Viongozi wapya walitaka Japani isimame sawa na mataifa ya Ulaya na Marekani, ambayo watu wake waliliona shungi kuwa kichekesho. Mwaka 1871 serikali ilitoa tangazo lililowaruhusu watu kukata shungi na kuacha kuvaa panga. Tangazo halikulazimisha; lilifungua mlango tu. Lakini mlango huo ulikuwa mgumu kupita, kwani mtu hawezi kuondoa kwa mkasi wa dakika moja kitu ambacho mababa zake walikihesabu kuwa ndiyo heshima yao.

Mwishoni mwa mwaka huo huo ujumbe mkubwa wa serikali ulisafiri kwenda Marekani na Ulaya, ukiongozwa na Iwakura Tomomi. Yeye hakuwa samurai bali alitoka katika makabaila wa ikulu ya mfalme, na alishikilia mila kwa nguvu zote. Picha iliyopigwa San Francisco mwanzoni mwa mwaka 1872 inamwonyesha katikati ya wenzake waliovaa suti, yeye akiwa na kanzu yake ya Kijapani na shungi kichwani, miguuni amevaa viatu vya Kizungu. Wanawe walikuwa wakisoma Marekani. Husimuliwa kwamba ni wao waliomshawishi baba yao kuwa Wamarekani humtazama kama kioja, na kabla ya kuondoka nchini humo alikuwa amekata nywele. Mwaka 1873 Mfalme Meiji mwenyewe alikata zake, na baada ya hapo wengi walifuata.

Hawakufuata wote. Serikali ilipopiga marufuku uvaaji wa panga mwaka 1876, samurai wa mji wa Kumamoto, idadi yao haifiki 200, walivamia kambi ya jeshi usiku kwa panga na mikuki, mashungi yao vichwani, wakizikataa bunduki kwa kuwa ni za kigeni. Walishindwa, na wengi wao waliuawa au walijiua wenyewe. Walipoteza maisha wakitetea, pamoja na mambo mengine, mtindo wa nywele ulioanza kwa ajili ya kofia ya chuma ambayo babu wa babu zao hawakupata kuivaa vitani.

Leo shungi la kale limebaki kwa wapiga mieleka wa sumo. Hao hawanyoi utosi kama samurai; hufuga nywele, na kinyozi maalumu huzichana kwa mafuta yale yale ya nta na kuzifunga. Mpiganaji anapostaafu hufanyiwa sherehe ambapo wageni hupita mmoja mmoja kukata nywele kidogo kwa mkasi, na mwalimu wake humalizia kwa kulikata shungi lenyewe. Katika ulimwengu huo aliingia kijana wa Kiislamu kutoka Misri, Abdelrahman Shaalan, aliyepewa jina la Osunaarashi, maana yake dhoruba kubwa ya mchanga. Alikuwa wa kwanza kutoka bara la Afrika katika sumo ya kulipwa, na mwaka 2013 alipanda hadi daraja la juu. Alifunga shungi kama wenzake, lakini Ramadhani ilipoangukia katika mashindano ya Julai aliendelea kufunga saumu. Magazeti ya dunia yaliandika zaidi juu ya saumu ile kuliko juu ya nywele zake.

Kichwa cha Mwislamu

Sasa tutazame upande wetu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza qaza'. Nafi', aliyeipokea hadithi kwake, alipoulizwa maana ya neno hilo alieleza kuwa ni kunyoa sehemu ya kichwa cha mtoto na kuacha sehemu. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtoto aliyenyolewa hivyo, akawakataza jamaa zake na kuwataka wanyoe chote au waache chote.

Ibnul Qayyim ameigawa qaza' katika mafungu manne: kunyoa mabaka huku na huku, kunyoa katikati na kuacha pande, kunyoa pande na kuacha katikati, na kunyoa mbele na kuacha nyuma. Mwenye kuyatazama mafungu hayo atamkuta samurai katika la pili na la nne. Atakikuta kiduku cha vijana wetu katika la tatu. Na atakikuta hapo hapo kile ambacho wazee wa pwani walikiita denge, kishungi cha duara kilichoachwa utosini, ambacho baadhi ya watoto wetu wa zamani walinyolewa bila mtu kuuliza. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba jambo hili limeletwa na simu za mkononi.

Kuhusu hukumu yake, Imam Nawawi ameeleza kuwa wanazuoni wamekubaliana kwamba qaza' ni makuruhu, ila kwa dharura kama vile matibabu. Ama kupunguza pande kwa mkasi au mashine bila kunyoa, hilo si qaza' kwa maana ya neno lenyewe, na hapo masheikh huangalia zaidi nia ya mtu na anayefananishwa naye. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake.

Na sababu? Ibnul Qayyim amenukuu kwa mwalimu wake, Ibn Taymiyya, maelezo yanayofaa kusomwa kila nyumba. Anasema kwamba katazo hilo linatokana na ukamilifu wa uadilifu ambao Allah na Mtume Wake wanaupenda, mpaka mtu akaamrishwa kuwa muadilifu kwa nafsi yake. Kuvua sehemu ya kichwa na kuvika sehemu ni kukidhulumu kichwa. Ndiyo maana pia imekatazwa kukaa nusu juani nusu kivulini, na kutembea na kiatu kimoja.

Wala dini haikuja kuzichukia nywele. Mtume (S.A.W.) alikuwa na nywele zilizofika ndewe za masikio, na wakati mwingine mabegani. Ummu Hani (R.A.) amesimulia kuwa alipoingia Makka alikuwa na misuko minne. Ameagiza kwamba mwenye nywele na azikirimu. Kwa hiyo kijana anayefuga nywele zake zote, akaziosha na kuzichana, hana kosa kwa kufuga peke yake, maadamu hakukusudia kujifananisha na wanawake au na watu wa maovu. Lakini akisimama kuswali asizifunge fundo nyuma. Ibn Abbas (R.A.) alimwona mtu akiswali hali amefunga nywele kisogoni, akasimama nyuma yake na kuzifungua, mtu yule alipomaliza swala na kuuliza, Ibn Abbas alimsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.). Swala yenyewe husihi, ila wanazuoni wamelichukia jambo hilo kwa mwanamume, kwa sababu nywele nazo husujudu.

Na ziko nyakati ambapo kichwa chote hunyolewa kwa ibada. Mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba, na sadaka ya fedha hutolewa kwa uzito wa nywele zake. Mahujaji hunyoa au kupunguza, na Mtume (S.A.W.) aliwaombea wanaonyoa mara kadhaa kabla ya kuwaombea wanaopunguza. Samurai alinyoa utosi kumtumikia bwana anayekufa. Hujaji ananyoa kwa ajili ya Mola aliye Hai asiyekufa, na siku hiyo tajiri na masikini huwa na kichwa kimoja.

Akirudi kutoka kwa kinyozi

Mzazi afanye nini basi? Kwanza, aelewe kwamba kijana anayenyoa kiduku au anayetaka shungi la samurai mara nyingi anatafuta kitu ambacho Wajapani walikitoa kwa sherehe: alama ya kwamba si mtoto tena. Mvulana wa genpuku alivishwa kofia na mzee, akapewa jina na kazi. Sisi tuna alama iliyo bora kuliko hiyo, nayo ni baleghe na wajibu unaofuatana nayo. Lakini ni nyumba ngapi ambazo baba amemkalisha mwanawe siku hiyo akamwambia, "Kuanzia leo, baba, swala na saumu yako vinaandikwa katika daftari lako"? Asipoambiwa na babaye, atakwenda kuutafuta utu uzima wake kwenye kiti cha kinyozi.

Pili, sababu ielezwe. Samurai walipoisahau sababu, wakabaki na mtindo, na wako waliokufa kwa ajili yake. Nasi tukimkataza mtoto bila kumwambia sababu, tunampa mtindo mtupu wa dini, na mitindo mitupu hutupwa. Hadithi ya Ibn Umar na maelezo ya Ibn Taymiyya havichukui hata robo saa kuelezwa baada ya chakula cha usiku.

Tatu, tusimfedheheshe. Baada ya Jaafar bin Abi Talib (R.A.) kuuawa shahidi katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliiacha familia yake iomboleze siku tatu. Kisha aliwafikia, akaagiza aletewe wana wa ndugu yake. Walikuja wadogo, wamechafuka kwa msiba, kama vifaranga. Akaita kinyozi, naye akawanyoa vichwa vyao. Hadithi hii imo katika Sunan Abu Dawud. Kinyozi aliitwa nyumbani, mbele ya mzee anayewapenda, na kunyolewa kukawa ni sehemu ya kutunzwa. Baba anayemkokota mwanawe hadi barazani na kumpitishia wembe mbele ya wenzake amenyoa nywele tu. Chuki aliyoiacha chini yake itaota upya kabla ya nywele.

Ndugu zetu vinyozi wa Kiislamu nao wana sehemu yao. Mteja mwenye umri wa miaka 12 anapoonyesha picha, si vibaya kumwuliza kwa upole kama wazazi wake wanajua, na kumwonyesha mkato ulio sawa pande zote.

Na baba awe na desturi ya kwenda na mwanawe kwa kinyozi, hasa Alhamisi jioni au asubuhi ya Ijumaa. Wakae pamoja katika benchi, wasubiri zamu, wazungumze. Kijana akitaka kusikia habari za samurai, asimuliwe: kofia ya chuma, kibano, utosi wa ronin, mzee Sanemori na nywele zake zilizooshwa. Kisha aulizwe yeye anazo sababu gani za nywele zake, na apewe nafasi ya kujibu.